Nukta Katikati ya Bwawa

Kwa Dada mpendwa,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko? Shemeji hajambo? Na huyo mdogo ambaye sijamwona ila kwenye picha, meno yameshatoka? Sisi huku tunasukuma siku. Mguu wa Mama umepoa, sasa anafika sokoni na kurudi bila kuketi njiani, ingawa akishafika nyumbani analalamika kana kwamba mguu ni wangu na nimemwazima. Baba naye yupo. Najua hujaniuliza habari zake, lakini barua hii karibu yote inamhusu yeye, kwa hiyo nakuomba usiikunje hapa. Isome hadi mwisho, hata kama utaisomea jikoni umesimama.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua. Kwenye simu nitasema "ndiyo Dada," "sawa Dada," kisha nitaaga huku maneno yote yamebaki kooni. Karatasi haina macho.

Nilipomaliza shule nilikuambia nimepata kazi ya kompyuta, ukaniuliza kazi gani, nikaanza kujiumauma. Sasa nitajaribu. Ofisi yetu iko juu ya duka la rangi, ndiyo maana nguo zangu zote zinanuka tapentaini. Tunashughulika na ramani ya kwenye simu, ile ambayo watu huifungua wakipotea njia. Mbele yako unawekewa picha ya nchi iliyopigwa na setilaiti kutoka juu, nawe unachora juu ya picha hiyo. Kwetu sisi dunia yote ni vitu vitatu tu: nukta, mstari na umbo. Kisima ni nukta. Njia ni mstari. Shamba au jengo au ziwa ni umbo, yaani mstari uliozunguka ukarudi kujifunga pale ulipoanzia. Halafu kila kimoja lazima ukipe aina yake, kwa sababu kompyuta haijui kitu. Usipoiambia kwamba hiki ni kisima na kile ni nguzo ya umeme, kwake vyote ni nukta tu. Na mstari una mwanzo na mwisho. Mto unauanzia kule maji yanakotoka, unamalizia kule yanakokwenda. Ukiuchora kinyume, kompyuta inakuwekea alama ya njano na kukuambia kwamba mto wako unapanda mlima.

Mimi sichori sana. Watu wa kawaida wanaruhusiwa kuchora, kila mtu kwa simu yake na kwa jina lolote alilojipa, na sisi ofisini tunakagua walichochora. Msimamizi wetu tunamwita Bi Mkubwa, naye hana mchezo. Anayekaa jirani yangu ni kaka mmoja tunayemwita Miwani, maneno mengi kama redio ya kinyozi. Siku ya kwanza aliniuliza kama nina ulimi au niliuacha shule pamoja na sare.

Baba aliposikia kazi hiyo aliendelea na redio zake wiki nzima. Jumapili moja akaniletea simu yake akaniambia hebu nimwonyeshe, asije akaulizwa na wateja binti yake anafanya nini akabaki anatoa macho. Nikamwekea ile programu. Nikamfundisha nukta, mstari, umbo. Alichora banda lake la kutengenezea redio, akalifuta, akasema "kumbe," akaondoka na simu yake. Nilidhani yameishia hapo.

Dada, mimi ndiye niliyepewa kukagua eneo la Bwawa. Hawakujua kwamba ni kwetu. Wamegawa tu kwa mraba, kila mmoja mraba wake. Kwenye ramani Bwawa ni umbo moja la buluu, kubwa, limetulia, halina hata doa. Hakuna kinachoonyesha kwamba chini yake kulikuwa na kinu, na mlango wetu wa kijani, na njia ya kwenda shule. Picha ya setilaiti nayo ni maji matupu. Nilikuwa nikimaliza kulikagua nakwenda kunawa uso.

Basi siku moja nikafungua nikakuta nukta ndani ya maji.

Ilikuwa imeandikwa aina yake: duka. Kompyuta ikalalamika, kama inavyolalamika kitu kikikaa mahali kisipoweza kukaa, kwamba duka haliwezi kuwa ndani ya ziwa. Nikaifuta. Kesho yake ilikuwepo, na ya pili imetokea, kinu. Nikafuta. Zikarudi, na zingine juu yake. Nyumba, nyumba, choo cha shule, nyumba. Kisha mto, ule wa zamani, umechorwa chini ya Bwawa, kona zake zote, na alama ya njano juu yake: mto unapanda mlima. Nikamwonyesha Miwani. Alicheka mpaka akavua ile miwani yenyewe, akatangaza chumba kizima kwamba tumepata Jini la Bwawa, na kwamba nisipolisalimia vizuri litanifuata nyumbani.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nyumbani kwetu unajua tulivyo. Mama mpaka leo haachi maji kwenye beseni. Ukimaliza kufua, ukigeuka, ameshamwaga. Ndoo zote zina vifuniko, na ukisahau kufunika, anafunika yeye bila kukugombeza, huku ameangalia pembeni. Sasa mimi nakaa ofisini mchana, watu wanapita chini wakinunua rangi ya madirisha, na mbele yangu kijiji kinapanda kutoka majini nukta kwa nukta, mahali palepale kilipokuwa. Kinu kiko mahali pake. Njia inapinda pale ilipopindia. Nilikuwa naogopa kugusa kioo cha kompyuta, kama vile kidole kingelowa.

Mara ikaja nukta isiyo na aina. Imewekwa juu ya ile nukta ya nyumba yetu, haijaandikwa kitu. Siku chache baadaye ilikuwa imesogezwa, iko dirishani. Baadaye ikawa nyuma ya jiko. Kisha juu kidogo, kwenye mwamba tuliokuwa tukianikia nguo. Vitu vingine vyote vilitulia, hiki kimoja kilikuwa kinatembea. Kilitembea kuzunguka nyumba yetu kama mtu anayetafuta pa kutokea. Dada, nilijua ni Kaka yetu, ambaye maji yalimchukua siku ya kuhama. Sikujua inawezekanaje, lakini nilijua. Nikaacha kufuta.

Sasa ngoja nikueleze nilivyomtambua huyo jini. Ramani inatunza mpangilio: kitu gani kilichorwa kwanza, kipi kikafuata. Nilipoufuata, duka lilikuwa la kwanza, chini kabisa karibu na barabara, kisha kinu, kisha fundi viatu, kisha shule, kisha nyumba yetu. Mto pia umeanzia chini ukapanda juu. Nikajiuliza, nani anayekijua kijiji kwa kuanzia dukani? Ni mtu aliyekuwa akifunga banda lake la redio pale dukani kila jioni, akapanda na mto kurudi nyumbani. Kwake mto ulikuwa unakwenda kwetu.

Hata hapo nilijiambia nakosea. Kilichonimaliza ni nyumba iliyokosekana. Ng'ambo ya daraja la mbao, nyumba zote zimewekwa, hata kibanda cha yule bibi wa mkaa, ila pa Seremala ni patupu. Nilicheka kwa uchungu. Unakumbuka ile siku Baba alipopanda kufunga antena juu ya bati, na Seremala akaja akachukua ngazi yake, akasema ngazi iliazimwa kwa asubuhi na sasa ni mchana? Baba akabaki juu hadi jioni, wateja wake wakimpigia redio kutoka chini. Wewe ndiye uliyenisimulia. Basi Baba hajamsamehe. Amemfuta hata chini ya maji.

Nilitaka kuhakikisha. Saa ya chakula nikaenda bandani kwake, nikajifanya nimepita tu. Alikuwa peke yake, simu ameiegemeza kwenye redio iliyofunguliwa tumbo, kioo chote buluu. Kidole chake, unakijua kilivyo kinene na kovu la risasi ya kulehemu, kilikuwa juu ya ile nukta isiyo na aina. Alikuwa anaisogeza polepole sana, kama mtu anayetafuta stesheni hafifu. Aliponiona akaigeuza simu kifudifudi, akaniuliza kama nje kuna mvua. Nikamwambia hakuna. Akasema haya, afadhali. Jua lilikuwa linachoma bati hata huwezi kuligusa.

Dada, siku unaondoka nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia ulivyomwambia. Ulimwambia kwamba yeye ndiye aliyemtuma Kaka arudi nyumbani kufuata sanduku la vyuma vya redio, wakati lori limeshapakiwa na watu wanasema maji yanakuja haraka kuliko tulivyoambiwa. Ulimwambia kwamba sanduku lilikuwa na thamani kuliko mtoto. Hakukujibu. Ulidhani hana moyo. Mimi ninayeishi naye nakuambia hajajibu mpaka leo kwa sababu bado anatafuta jibu, na siku hizi analitafutia kwenye simu. Anamweka Kaka mlangoni, anamweka dirishani, anamweka mwambani, anapima kama angefika kwenye lori, na kila mara anagundua kwamba asingefika.

Wiki iliyopita Bi Mkubwa akatuita. Akasema yule mchoraji wa Bwawa anachafua data, makosa ya eneo letu yamekuwa ya kuaibisha, kwa hiyo kabla ya mwisho wa wiki kila kitu kilicho ndani ya maji kifutwe na akaunti yake ifungwe. Akaniambia nifanye mimi, ni mraba wangu. Miwani akaniambia nisikose kutubu kwa jini kwanza.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusimama, miguu ilijisimamia. Nikasema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, kwamba hayo si makosa. Mimi nimezaliwa pale. Kinu kilikuwepo, na shule, na njia. Bi Mkubwa akauliza pale wapi. Nikasema chini ya maji. Miwani akavua vile vya kusikilizia muziki, akaniangalia kama ndiyo anafahamu kwamba nina uso, na baadaye aliniletea chai, akaiweka mezani bila utani wowote, hata nikamwonea huruma.

Bi Mkubwa alifikiri. Kisha akanieleza jambo nisilolijua. Kitu kilichoondoka duniani si lazima kifutwe. Ipo namna ya kukiandika kwamba kilikuwepo. Watu wanaotafuta njia hawatakiona, lakini ndani ya data kitabaki, ikiwa yupo mtu aliyekijua anayeweza kukithibitisha. Akaniambia nithibitishe kimoja kimoja, na akaunti ataiacha. Ila ile nukta isiyo na aina, hapana. Kitu kisichojulikana ni nini hakiwezi kusemwa kwamba kilikuwepo. Niipe aina au niifute.

Nikakaa na orodha ya aina. Ni ndefu, Dada. Zipo aina za mti mmoja, za benchi, za bomba, za jiwe la mpaka. Ya mtu hakuna. Ramani haichukui watu, kwa sababu watu hawatulii. Nikaona kwamba nikiifuta, Baba atafungua simu pale bandani akute Kaka amepotea mara ya pili, na safari hii aliyempoteza ni mimi.

Sasa keti, kama bado umesimama.

Mimi ndiye wa mwisho kumwona Kaka. Wewe ulikuwa bado bwenini, Baba na Mama walikuwa wanafunga kamba upande wa pili wa lori, na mimi nilikuwa juu kabisa, juu ya magodoro, naona kila kitu kutoka juu, kama ninavyoona sasa kazini. Nilimwona Kaka anapanda na njia. Pale kwenye kinu, nyumbani ni kulia. Yeye alikata kushoto, akaelekea daraja la mbao. Akageuka, akaniona namtazama, akaweka kidole mdomoni.

Nilikielewa kidole kile. Unakumbuka Baba alimwambia auze njiwa wake, walikuwa wanachafua antena, naye akasema ameuza? Hakuuza. Seremala alimjengea banda nyuma ya nyumba yake, nadhani kwa furaha ya kumkomoa Baba, na kila jioni Kaka alikuwa anavuka daraja kwenda kuwalisha. Nilikuwa najua mimi tu. Kila akitoroka aliniwekea kidole mdomoni hivyohivyo, na mimi, mtoto wa kuambiwa, sikusema. Seremala na watu wake waliondoka na lori la kwanza, wakapelekwa upande mwingine kabisa. Njiwa walibaki wamefungiwa.

Sanduku hakulifuata, Dada. Hakukanyaga hata njia ya nyumbani. Baadaye, wakati honi inalia na Mama anamwita mpaka sauti ikakauka, njiwa walipita juu ya lori, kundi zima, wakazunguka mara moja wakaenda. Watu wote walikuwa wanatazama maji. Aliyetazama juu ni mimi tu.

Mwanzo nilinyamaza kwa ajili ya kidole kile, nikidhani atarudi anikute nimemsaliti. Kisha nyumbani hakuna aliyemtaja tena, na mimi si mtu wa kuanzisha mazungumzo. Kimya kilikua pamoja nami. Nilipoijua kazi hii ndipo nilipoona kwamba mahali palipobaki patupu kwenye ramani ya Baba, pale alipokataa kumchora Seremala, ndipo hasa Kaka alipokuwa. Amezunguka kila mahali isipokuwa hapo.

Kwa hiyo niliichukua ile nukta. Nikaivusha daraja. Nikaiweka pale patupu, nyuma ya nyumba isiyokuwepo, nikaipa aina: banda la njiwa. Nikaandika kwamba lilikuwepo. Palipoandikwa aliyethibitisha nikaweka jina langu kamili, Baba alione.

Kesho yake alirudi nyumbani jua bado liko juu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilikuwa nakosha vyombo nje. Akaketi kwenye kizingiti, hakuvua hata viatu. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia yote, hata kidole, huku nikisugua sufuria moja ileile. Akauliza kama Kaka alikuwa ameshika sanduku. Nikasema hapana, hakufika huko. Akauliza kama njiwa walitoka wote. Nikasema kundi zima, walipita juu yetu. Akasema, kama anajiambia mwenyewe, kwamba basi aliwahi kuwafungulia.

Akanawa uso kwenye beseni akaingia ndani. Maji akayaacha. Mama alitoka akayaona. Alisimama juu yake na mikono kiunoni, nikajua anayamwaga sasa hivi. Hakuyamwaga. Alikuwa amesikia kila neno kutoka dirishani.

Juzi nilifungua mraba wangu. Kulikuwa na kitu kipya ndani ya maji, ng'ambo ya daraja. Nyumba zote, hata yetu, Baba amezifanya nukta tu, nukta moja mlangoni. Hii ilikuwa umbo zima, lina kona zote, na baraza, na ule ukuta uliopinda ambao kijiji kizima kilikuwa kinamcheka nao Seremala. Na ubavuni, kumeegemea ukuta, kijistari kifupi kisicho na aina. Nilikitazama muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba ni ngazi. Nikacheka mpaka Miwani akaniuliza kama jini limenipanda. Kisha machozi yakaja, nikajisingizia tapentaini.

Nimeithibitisha, na ngazi yake. Mto nimeuacha unapanda mlima. Alama ya njano ipo palepale, nami naipita kila asubuhi. Nitaurekebisha, lakini si sasa.

Dada, sikuambii la kufanya, mimi ni mdogo. Nakuambia tu kwamba Baba hajui nimekuandikia, na kwamba neno lile ulilomwambia amelibeba bila kulitua, na halikuwa lake. Mpigie. Akiuliza kama huko mvua inanyesha, usimcheke, mjibu tu. Anachotaka kuuliza siyo mvua.

Mama anakusalimu, anasema mtoto asilishwe vya baridi. Mwambie shemeji asante kwa picha. Mbusu mdogo kwenye kila jino. Mikono yangu inanuka rangi mpaka kwenye karatasi hii, ukiisikia harufu ujue ndiyo mimi.

Wako katika utii na mapenzi,

Mdogo wako, yule wa juu ya magodoro